Kabla Hujabonyeza Y: Nani Anaondoka, Nani Anaingia

Sasisho likija, wengi huuliza lina nini kipya. Kwa mtu anayesubiri emoji mpya kwenye simu, swali hilo linatosha. Kwa anayetunza seva, au hata kompyuta moja anayoitegemea kwa kazi, linamgeuza macho upande usio na hatari. Kitu kipya ni nadra kuvunja chochote, maana hakuna anayekitumia bado. Matatizo karibu yote niliyowahi kuitwa kuyatatua baada ya sasisho yalitoka kwingine: kitu cha zamani kimeondolewa, chaguomsingi limegeuzwa kimyakimya, au kifurushi kisichojulikana kimeingia kwa mgongo wa kile kinachojulikana.

Ndiyo maana nikipitia mabadiliko kabla ya kusakinisha au kupandisha toleo, nasoma nikiwa na maswali mawili: nani anaondoka, na nani anaingia? Mengine nayasoma nikipata nafasi, na mara nyingi sipati.

Anza na maigizo

Nitatumia zaidi mifano ya Debian, mfumo wa aina ya Linux, na ndugu zake kwa kuwa ndiko ninakoshinda. Umeandika apt full-upgrade, amri ya kupandisha toleo la vifurushi vyote, mfumo umepiga hesabu, umekumwagia majina kibao, na mwisho unakuuliza uendelee au la. Kidole kiko juu ya Y. Orodha ndefu kabisa ni ya vifurushi vitakavyopandishwa toleo, na ndiyo inayochosha macho mpaka mtu akaamua liwalo na liwe. Hiyo iruke. Tafuta orodha mbili fupi: ya vitakavyoondolewa na ya vipya vitakavyosakinishwa. Kwenye apt ya toleo la 3, iliyokuja na Debian 13, vinavyoondolewa huonyeshwa kwa rangi nyekundu. Wangefanya hivyo miaka mingi iliyopita.

Mimi hata sifiki kwenye hilo swali la mwisho bila kuigiza kwanza. Amri ni apt -s full-upgrade. Hapo apt hufanya hesabu zote na kukuonyesha hatua moja moja bila kugusa kitu, na kila mstari huanza na Inst (kusakinisha), Conf (kupanga mipangilio) au Remv (kuondoa). Naichuja kwa grep '^Remv', nione nani anafukuzwa, kisha narudi kwenye Inst.

Kuna seva moja niliyoombwa kuihudumia, na maigizo yake yalirudisha mstari uliosema Remv mariadb-server. Seva hiyo kazi yake ni kutunza hifadhidata, na MariaDB ndiyo hifadhidata yenyewe. Ukiiondoa, hakuna seva. Kwa amri ya apt policy nikakagua maktaba iliyokuwa ikigombana nayo, nikakuta ina matoleo mawili kutoka sehemu mbili, yote yakiwa na kipaumbele 500. Moja la Debian, jingine la hazina ya nje, yaani ghala la vifurushi lisilo la Debian, ambayo kuna mtu aliiongeza zamani ili apate zana moja ya kuchora grafu. Hazina hiyo, pamoja na zana yenyewe, ilikuwa ikigawa toleo lake la maktaba inayotumiwa na programu nyingi, lenye namba kubwa kuliko la Debian. Vipaumbele vikilingana, apt huchukua namba kubwa, haiulizi ni ya nani. Maktaba hiyo ikagombana na MariaDB, na katika ugomvi wa namna hiyo mmoja lazima atoke.

Dawa yake ni faili fupi ndani ya /etc/apt/preferences.d: vifurushi vyote vya hazina ile vikapewa kipaumbele 100, na ile zana peke yake ikarudishiwa 500. Nikaigiza tena, Remv ikatoweka. Kama una hazina za nje kwenye mfumo wako, fanya kazi hiyo leo, usingoje ugomvi. Hazina ya nje haijui mipaka mpaka uiwekee.

Jambo jingine dogo hapohapo: apt upgrade ya kawaida haiondoi kifurushi kilichopo. Ikiona haiwezi kupandisha kitu bila kuondoa kingine, inakiacha nyuma na kukuambia hivyo. Watu hukereka na vile vilivyoachwa nyuma, wakakimbilia full-upgrade ili wavimalize. Mimi huvisoma kwanza, kwa kuwa ndiyo dalili ya mapema kabisa kwamba kuna mgogoro. Ila kwenye Ubuntu sababu inaweza kuwa nyepesi zaidi: masasisho hutolewa kwa awamu, na pengine zamu ya mashine yako haijafika. Hapo tulia.

Kusoma kumbukumbu bila kulala

Kifurushi cha Debian kinaweza kubeba faili mbili za kumbukumbu, na watu huzichanganya. changelog.Debian ina kila kitu, hata marekebisho ya tafsiri na majaribio ambayo hayakuhusu. NEWS.Debian huandikwa pale tu ambapo mtunzaji ameona mtumiaji lazima aambiwe kitu. Vifurushi vingi havina kabisa hii ya pili, na hiyo ndiyo raha yake: ikitokea, isome. Sakinisha apt-listchanges, iache ionyeshe NEWS peke yake, na uiwekee sharti la kuomba kibali chako kabla ya kuendelea. Anayetumia testing au unstable, matawi ya Debian ambayo bado si thabiti, aongeze apt-listbugs, inayokagua kama kuna hitilafu nzito zilizoripotiwa dhidi ya toleo unalotaka kuingiza. Kwa Fedora na jamii yake, rpm -q --changelog na dnf updateinfo zinakufikisha karibu na hapo.

Ukilazimika kusoma kumbukumbu ndefu, usianze juu ukashuka hadi chini. Tafuta maneno: removed, dropped, deprecated, no longer, na zaidi ya yote default. Kitu kilichoondolewa hupiga kelele, kwani programu itakataa kuwaka na utajua palepale. Chaguomsingi likigeuzwa, programu inawaka vizuri, kila taa ni ya kijani, halafu siku nyingine kabisa kitu cha mbali kinakatika na hakuna anayekumbuka kulikuwa na sasisho.

Tazama OpenSSH, programu ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, toleo la 8.8 la Septemba 2021. Toleo hilo lilizima kwa chaguomsingi sahihi za RSA zinazotumia SHA-1, njia ya zamani ya kuthibitisha utambulisho. Ukiwa na mashine mpya pande zote mbili, hukuona tofauti. Ukiwa na swichi au ruta ya zamani inayojua njia hiyo peke yake, ghafla huingii, na ujumbe unaopata haukuambii kwamba sasisho ndilo lililokufungia mlango. Lakini maelezo ya toleo la 8.2, Februari 2020, yalikuwa tayari yametoa taarifa kwamba hilo litakuja. Zaidi ya mwaka mmoja na nusu! Waliosoma walipata muda wa kuorodhesha vifaa vyao vya zamani na kuviandikia ruhusa ya pekee kwenye ~/.ssh/config, kifaa kwa kifaa. Wengine waliifungua njia hiyo kwa kila mashine kwa hasira, na wamo ambao hawajaifunga mpaka leo.

Mfano mwingine ni Debian 13 ya Agosti 2025, ambako /tmp, folda ya faili za muda, sasa hukaa kwenye RAM kwa chaguomsingi na inaweza kuchukua hadi nusu ya RAM ya mashine. Kama una skripti ya usiku inayofungua faili kubwa humo kabla ya kuihamisha, hiyo inakuhusu sana. Imeandikwa waziwazi kwenye maelezo ya toleo, sura ya 5, ile ya mambo ya kuangalia. Ukipandisha Debian kutoka toleo kubwa moja hadi jingine na una muda wa kusoma sura moja tu, iwe hiyo.

Kuna mtego wa namba pia. Kwenye matoleo thabiti, Debian na Red Hat hawakimbilii toleo jipya la mtengenezaji. Huchukua kiraka cha usalama na kukirudisha kwenye toleo walilonalo. Ndiyo sababu unaona mkia kama +deb12u3: mbele ya mkia namba ni ileile, maana yake programu haijabadilika isipokuwa hicho kiraka. Hapo usomaji wangu ni wa dakika chache. Namba ya mbele ikisogea, ndipo ninapokaa kitako. Mtego wenyewe ni kwa mkaguzi anayeangalia namba pekee, akakuandikia kwamba seva yako ina programu ya kale yenye udhaifu. Mfungulie changelog.Debian, mwonyeshe mstari wenye namba ya CVE, ile inayoutambulisha udhaifu huo, mwendelee na mengine.

Hifadhidata ziko peke yake. PostgreSQL, kuanzia toleo la 10, namba ya kwanza ndiyo toleo kubwa, na 16 haiwezi kuzisoma moja kwa moja faili za data zilizoandikwa na 15. Debian huziweka zote mbili bega kwa bega mpaka wewe mwenyewe uhamishe data. Kwa hiyo ukiona jina lenye namba mpya kwenye orodha ya wanaoingia, jua bado hujahama. Usiondoe ya zamani kwa autoremove ya haraka, ile amri ya kufuta vinavyoonekana havihitajiki tena.

Wanaoingia

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye vifurushi, mgeni aulizwe kwanza ametumwa na nani.

Mwaka 2018 kifurushi cha npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, kiitwacho event-stream kilikabidhiwa kwa mtu aliyejitolea kukitunza. Mabadiliko kwenye kifurushi chenyewe yalikuwa madogo. Kilichoongezeka ni jina moja kwenye orodha ya vitegemezi vyake, yaani vifurushi kinavyovihitaji: flatmap-stream. Humo ndimo msimbo wa wizi ulimofichwa, ukilenga pochi ya bitcoin iitwayo Copay. Aliyesoma maelezo ya toleo hakuona kitu. Aliyesoma tofauti ya faili ya kufungia matoleo, ile package-lock.json ambayo watu huipitisha bila kuifungua, angekutana na jina geni.

Ndivyo ninavyoisoma hadi sasa. Siwezi kupitia mistari elfu mbili ya JSON, wala sioni haja. Nachuja majina ambayo jana hayakuwepo. Yakiwa mawili au matatu, kila moja nalifungulia ukurasa wake: limeanza lini, nani anachapisha, lina skripti inayojiendesha wakati wa kusakinisha? Jina likiwa na umri wa siku chache na likawa limeingia kupitia toleo lililodai kurekebisha hitilafu ndogo, hapo nasimama. Kwa kifurushi kimoja kinachonitia shaka, npm diff hulinganisha matoleo mawili kama yalivyo kwenye npm yenyewe, na hiyo ni bora kuliko kulinganisha msimbo ulioko GitHub, kwa sababu unachosakinisha ni kile kilichochapishwa.

Usiziamini namba tatu za toleo kupita kiasi. Kwa makubaliano, namba ya tatu ikipanda ni marekebisho madogo, na alama ya ^ kwenye package.json huruhusu marekebisho hayo yaingie bila kukuuliza. Januari 2022 mwandishi wa kifurushi cha colors aliweka kwa makusudi kitanzi kisichoisha ndani ya toleo la 1.4.1. Kutoka 1.4.0 hadi 1.4.1! Kila mradi uliokuwa na ^1.4.0 bila faili ya kufungia matoleo ulikuwa umekwisha kumkaribisha. Kwenye mashine za kujengea programu tumia npm ci, inayofuata faili hiyo neno kwa neno na kukataa ikiona hailingani na package.json.

Skripti za usakinishaji nazo zinastahili jicho. Kifurushi cha .deb hubeba preinst na postinst, skripti za kabla na baada ya kusakinisha, na zote huendeshwa kwa mamlaka ya root, mwenye ruhusa zote kwenye mashine. Ukipakua .deb kutoka tovuti ya kampuni fulani, dpkg-deb -c itakuonyesha faili zilizomo, na dpkg-deb -e itakutolea skripti hizo kwenye folda uzisome. Nyingi ni fupi. Utashangaa ni programu ngapi hutumia postinst kujiongezea hazina yake ndani ya /etc/apt/sources.list.d, na hapo ndipo hazina nyingine ya nje inapozaliwa bila wewe kujua. Kwa rpm, amri ni rpm -qp --scripts. Kwa npm kuna --ignore-scripts, na pnpm, mbadala wa npm, kuanzia toleo la 10 huzizuia skripti za vitegemezi mpaka uziruhusu.

Watumiaji wa Arch wanaochukua vitu AUR, hazina ya vifurushi vinavyoletwa na watumiaji wenyewe, hawana kisingizio kabisa, kwa kuwa PKGBUILD, yenye maelekezo ya kujenga kifurushi, ni faili fupi inayosomeka na mtu yeyote anayejua shell kidogo. Julai 2025 AUR iliondoa vifurushi kama firefox-patch-bin na librewolf-fix-bin vilivyokuwa vikisakinisha programu ya kuitawala mashine ya mtu kutoka mbali. Kilichovisaliti ni mstari wa vyanzo: ulivuta kitu kilichoitwa viraka kutoka hazina ya GitHub isiyohusiana na mradi wa Firefox wala LibreWolf. Mstari huo mmoja ndio wa kusoma kwanza.

Pale kusoma kusipotosha

Lazima niseme ukweli kuhusu xz, zana ya kubana faili. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa nyuma. Alianza kushuku alipoona kuingia kwa SSH kunakula CPU kuliko kawaida na kuchelewa kwa takriban nusu sekunde. Aliyeupanda mlango huo alikuwa mtunzaji halali wa mradi, aliyetumia miaka kadhaa kujijengea imani kwa jina la Jia Tan. Na kipande cha kuuamsha, faili ya build-to-host.m4 iliyochezewa, hakikuwa kwenye hazina ya git ambako watu husoma msimbo. Kilikuwa kwenye faili iliyobanwa ya kutolea toleo. Ungekesha na changelog mpaka alfajiri usingekiona.

Waliopona walipona kwa sababu hawakuwa na haraka. Debian thabiti haikuguswa, kwani 5.6 ilikuwa bado testing na unstable. Vivyo hivyo Septemba 2025, mtunzaji wa vifurushi vya chalk na debug aliponaswa kwa barua pepe ya hadaa na matoleo yenye sumu ya vifurushi 18 yakachapishwa npm. Kwa pamoja vifurushi hivyo vilikuwa vikipakuliwa zaidi ya mara bilioni 2 kwa wiki, lakini matoleo mabaya yaliondolewa ndani ya saa chache. Aliyekuwa na utaratibu wa kuchukua tu toleo lililotimiza siku moja hakuguswa. pnpm kuanzia 10.16 ina mpangilio wa minimumReleaseAge unaohesabu kwa dakika, na 1440 ni siku nzima. Mimi naweka siku kadhaa.

Kungoja huko kuna mpaka, nao ni viraka vya usalama. Desemba 2021, udhaifu wa Log4j, maktaba ya Java inayotumiwa na programu nyingi, ulipotangazwa, mashambulizi yalifuata karibu papo hapo, na mwenye kanuni ya kungoja wiki mbili kwa kila kitu alikuwa amewapa wavamizi wiki mbili za bure. Kwa hiyo kwanza tenganisha. apt list --upgradable huandika kando ya kila jina sehemu linakotoka, na ukiona neno security hapo, kifurushi hicho kinakwenda leo. Nakisoma, ndiyo, ila nasoma nikiwa nimekwisha kuamua kwamba kinaingia. Ninachotafuta ni kama kuna huduma ya kuwasha upya baadaye.

Swali ambalo kila mtu hujibu kwa enta

Katikati ya usakinishaji, dpkg, kisakinishi kinachofanya kazi chini ya apt, wakati mwingine husimama na kukuambia kwamba faili fulani ya mipangilio uliibadilisha wewe, na mtunzaji naye ameleta yake mpya. Chaguomsingi ni N, yaani baki na yako, na ni chaguo salama. Shida ni kwamba watu hupiga enta bila kubonyeza D kwanza, ambayo huonyesha tofauti kati ya faili mbili. D ni mahali pekee ambapo mabadiliko unayasoma yakiwa yamewekwa kando ya mambo yako mwenyewe. Mstari wenye alama ya kutoa ni wako, wenye kujumlisha ni wa mtunzaji. Ukiona amepachika mpangilio mpya wa usalama na wewe unabaki na faili ya zamani, andika pembeni uurudishe kwa mkono.

Ukichagua N, faili ya mtunzaji huachwa kando ikiwa na mkia wa .dpkg-dist, ukichagua Y, yako huhifadhiwa ikiwa na mkia wa .dpkg-old. Fedora hutumia .rpmnew na .rpmsave, Arch .pacnew. Kila baada ya sasisho kubwa napitia /etc kwa find nikitafuta mikia hiyo, maana faili za mwaka juzi zikilala humo hakuna tena anayejua ipi ilikusudiwa kushinda. Na kama iliyobadilika ni sshd_config, naipitisha kwenye sshd -t kabla ya kuwasha upya huduma, na dirisha la SSH nililo nalo silifungi mpaka nimeingia kwa dirisha la pili.